Wimbo ni Wako, Akaunti ni ya Nani?
Mwongozo kwa wanamuziki wa Kisumu wanaojitangaza mtandaoni bila lebo

Katika miaka ya 1970, benga kutoka Nyanza ilisafiri kwa sahani za santuri hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe watu waliipenda, wakaicheza, wakaiga magitaa yake, kisha wakaipa jina: kanindo. Jina hilo si la mpiga gitaa wala la mtunzi. Ni la Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara aliyesambaza sahani za bendi nyingi za benga na ambaye baadaye aliingia Bunge. Alifanya kazi kubwa, na bila wasambazaji wa aina yake huenda sauti hiyo isingevuka mipaka. Hata hivyo, aina nzima ya muziki ilibeba jina la msambazaji.

Leo kijana wa Kondele, Ahero au Kombewa hahitaji kiwanda cha sahani. Akiwa na simu na bando la intaneti, wimbo aliorekodi Jumatatu unaweza kusikika London au Dallas kabla ya Ijumaa. Lakini swali la zamani halijaondoka, na ndilo linalowagharimu wengi wa wasanii wetu chipukizi: jina lililoandikwa kwenye wimbo ni la nani, na pesa zikija zinaingia mfukoni mwa nani?

Makala haya yanaeleza huduma za kujitangaza mtandaoni zinavyofanya kazi, zinavyolipa, na mahali ambapo msanii asiye na lebo huweza kupoteza kazi yake bila kujua. Wasomaji ambao si wanamuziki wasiyaache. Mwenye hoteli, mpiga video wa harusi na mzazi mwenye mtoto anayeshinda studio wote wamo humu.

Milango ya kuingilia

Kuna huduma ambazo msanii hujipakia wimbo mwenyewe. YouTube ndiyo inayojulikana zaidi. Mdundo, huduma iliyoanzia Nairobi, nayo humruhusu msanii kufungua akaunti na kupakia nyimbo moja kwa moja, na wasikilizaji wake wengi hupakua wimbo kwenye simu ili wausikilize bila bando. SoundCloud pia iko katika kundi hili.

Kisha kuna maduka ya muziki kama Spotify, ambayo ilifunguliwa rasmi Kenya Februari 2021, na Apple Music. Haya hayapokei wimbo kutoka mkononi mwa msanii. Ni lazima upitie kwa msambazaji wa kidijitali, na wanaotumiwa sana na wasanii wasio na lebo ni DistroKid, TuneCore na CD Baby. Msambazaji hupeleka wimbo wako katika maduka mengi kwa mara moja, hukusanya malipo, kisha hukutumia.

Soma masharti ya bei kabla ya kulipa, kwa kuwa wasambazaji hawa hawafanani. DistroKid hutoza ada ya kila mwaka. Ukikosa kulipa mwaka unaofuata, nyimbo zako zinaweza kuondolewa madukani, isipokuwa ulilipia zaidi ili zibaki. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, kisha hukata asilimia 9 ya mapato. Kwa bendi inayotoa wimbo mmoja kwa mwaka na ambayo mapato yake hayatabiriki, ada ya mara moja yaweza kuwa salama zaidi. Anayetoa wimbo kila mwezi atafaidika na ada ya mwaka. Piga hesabu yako mwenyewe, usifuate tu anachotumia rafiki.

Mlango wa tatu ni Skiza ya Safaricom, wimbo unaosikika mtu anapokupigia simu. Tutaurudia.

Kundi la watu saba na nywila moja

Tuchukue mfano. Kundi la ohangla la watu saba kutoka upande wa Nyando linarekodi wimbo mjini. Mwenye studio anawaambia, "Msijali, nitawapakia mimi." Kundi linafurahi kwa sababu limeokoa pesa na usumbufu. Prodyusa anafungua chaneli kwa barua pepe yake, anaweka namba yake ya simu, na anaunganisha malipo na akaunti yake ya benki. Huenda hana nia mbaya hata kidogo.

Miaka miwili baadaye wimbo umeenea. Chaneli ina maelfu ya wafuasi. Kundi linataka kuhamia studio nyingine, na hapo linagundua kwamba haliwezi kuondoka na wafuasi wake. Kwa upande wa kampuni inayoendesha huduma hiyo, mwenye chaneli ni yule aliyeifungua. Kundi likipakia wimbo uleule kwenye chaneli mpya, laweza hata kupata ilani kwamba limekiuka hakimiliki ya mtu mwingine.

Kujikinga na hali hii hakuhitaji wakili. Kundi lifungue barua pepe yake lenyewe, kwa jina la kundi, kabla ya kuingia studio. Namba ya simu ya kurejesha akaunti iwe ya mwanachama, tena laini iliyosajiliwa kwa jina lake, kwa sababu siku nywila itakaposahaulika, ujumbe wa kuthibitisha utatumwa kwenye laini hiyo. Watu wawili katika kundi wajue nywila, wala si mmoja. Na kama prodyusa au mpwa anayejua kompyuta atasaidia kupakia, YouTube ina sehemu ya kumpa mtu ruhusa ya kuhariri au kusimamia chaneli bila kumpa nywila. Mnapoachana, mnaiondoa ruhusa hiyo, basi.

Msanii anayefanya kazi peke yake naye asidhani yuko salama. Wapo wanaomwachia "meneja" kila kitu kwa sababu yeye ndiye mwenye simu nzuri.

Kitu kimoja, haki mbili

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Kila wimbo uliorekodiwa una vitu viwili ndani yake kisheria. Cha kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo wenyewe, hata ukiimbwa na mtu mwingine. Cha pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio siku fulani.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Ayub Ogada, mpigaji nyatiti aliyefariki Februari 2019 huko Nyahera, alikuwa mwanachama wa bendi ya Black Savage, ambayo ilirekodi Kothbiro katika miaka ya 1970. Mwaka 1993 alitoa albamu En Mana Kuoyo kupitia Real World, lebo ya Mwingereza Peter Gabriel, na ndani yake mna Kothbiro tena, kwa sauti na mpigo tofauti kabisa. Utunzi ni mmoja, rekodi ni mbili. Wimbo huo ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Kisha mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage akakitumia katika wimbo wake Yikes, na Ayub Ogada pamoja na James Mbarack Achieng wakaorodheshwa miongoni mwa watunzi. Zaidi ya miaka 40 ilikuwa imepita tangu wimbo uzaliwe. Kama majina ya watunzi hayangekuwa yamehifadhiwa mahali, ingekuwa vigumu kwa yeyote kuwatafuta.

Kwa hiyo, kabla ya wimbo kupakiwa, kaeni chini na muandike karatasi moja ya migao. Nani ametunga maneno? Nani ametunga sauti? Aliyelipia studio ni nani, na je, kwa kulipia amekuwa mwenye rekodi au amekopesha tu? Prodyusa aliyetengeneza mdundo amelipwa akamalizana nanyi, au ana sehemu ya mapato ya baadaye? Andikeni asilimia, zifike 100, kila mmoja atie sahihi na namba ya kitambulisho. Katika bendi zetu nyingi kiongozi ndiye mwenye jina, na wapigaji hulipwa kwa shoo. Hilo si kosa kama kila mtu analijua na limeandikwa. Ugomvi huja pale ambapo mpiga besi aliyeleta sauti nzima ya wimbo anausikia redioni akakumbuka kwamba alipewa nauli tu.

Suala la midundo pia linahitaji tahadhari. Vijana wengi wa Manyatta na Nyalenda hupakua midundo ya bure mtandaoni wakaimba juu yake. Mara nyingi "bure" hiyo ina masharti: huruhusiwi kuuza, au mdundo huohuo umepewa watu wengine mia moja. Mwenye mdundo akiwa ameusajili katika mfumo wa YouTube unaotambua sauti, video yako itanaswa, na mapato ya matangazo yatakwenda kwake. Soma masharti, au mlipe prodyusa wa hapa akutengenezee wako.

Benga ndefu inalipwaje?

Sahani ya zamani ilibeba dakika tatu hadi nne hivi kwa kila upande. Ndiyo maana benga nyingi za zamani ziligawanywa sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Kaseti ilipokuja, kisha CD, wanamuziki wetu walirudi kwenye urefu wa kawaida wa kilabuni: dakika nane, kumi, kumi na mbili, ili magitaa yapate nafasi ya kuchemka na watu wapate muda wa pakruok.

Mtandao una vipimo vyake, tena haviko sawa kila mahali. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa mara tu msikilizaji anapofikisha sekunde 30. Hakuna nyongeza kwa anayeendelea hadi dakika ya kumi na mbili. Aliyetoa wimbo wa dakika tatu amehesabiwa mara moja, na wewe wa dakika kumi na mbili umehesabiwa mara moja. Wakati msikilizaji mmoja anamaliza wimbo wako, mwingine amesikiliza nne za mwenzako. Isitoshe, tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote na Spotify.

Kwenye YouTube mambo ni kinyume. Ili chaneli ianze kulipwa mapato ya matangazo, inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za video fupi ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa nawe dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Akikaa dakika sita, mara 40,000 zinatosha. Tena video ya dakika nane au zaidi inaruhusiwa kuwekewa matangazo katikati, si mwanzoni tu. Kwa maneno mengine, ohangla ndefu inayomshika mtu hadi mwisho ni mali kwenye YouTube.

Ushauri wetu ni kwamba msikate roho ya muziki ili kuufurahisha mtambo. Rekodini wimbo mzima, muuweke YouTube ukiwa mzima. Kisha mtoe toleo fupi la dakika tatu au nne kwa maduka ya muziki na kwa redio, na vipande vya nusu dakika vya TikTok na hali ya WhatsApp. Kipande kizuri cha nusu dakika mara nyingi si mwanzo wa wimbo. Ni pale gitaa linapobadilika na watu kusimama.

Kabla ya kuutoa, andaeni mambo madogo ambayo mashine huyauliza na watu huyapuuza. Jina la msanii liandikwe vilevile kila mahali. Majina kama Odhiambo, Akinyi na Junior yamejaa kando ya ziwa, na ukiandika jina lako kwa njia tatu, nyimbo zako zitagawanyika katika kurasa tatu, nyingine zikiangukia kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Chagueni Dholuo kama ndiyo lugha ya wimbo, si Kiswahili wala Kiingereza. Mkiikosa benga au ohangla kwenye orodha ya aina za muziki, chagueni iliyo karibu, lakini mlitaje neno lenyewe kwenye maelezo ili anayelitafuta awapate. Na kwa Spotify, wimbo ukifika angalau siku 7 kabla ya tarehe ya kutolewa, mnaweza kuwapendekezea wahariri wao bila malipo yoyote. Ukipakia usiku wa leo ili utoke kesho, umejinyima nafasi hiyo.

Skiza na shilingi mia

Kwa msanii ambaye mashabiki wake wako Muhoroni, Nyakach au Seme na hawana bando la kutosha, Skiza huenda ikaleta zaidi ya maduka yote ya ng'ambo. Hapa sheria imesema wazi. Sheria ya Marekebisho ya Hakimiliki ya 2022 iligawa mapato ya nyimbo za kupokelea simu hivi: katika kila shilingi 100, msanii au mwenye hakimiliki apate si chini ya shilingi 52, kampuni ya simu ipate shilingi 39 na senti 50, na mtoa huduma wa kati, yaani yule anayeupeleka wimbo kwa kampuni ya simu, apate shilingi 8 na senti 50.

Msanii kwa kawaida hufika Skiza kupitia mtoa huduma huyo wa kati. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, muulize mambo matatu. Atakutumia taarifa ya mapato kila baada ya muda gani? Mkataba ni wa miaka mingapi, na unaisha vipi? Je, anataka wimbo kwa ajili ya Skiza tu au kwa kila kitu? Swali la mwisho lina uzito. Mkataba unaosema "haki zote, kwa njia zote, kwa muda wote" umeuza ng'ombe mzima kwa bei ya maziwa ya siku moja. Mpe haki ya Skiza, kwa miaka michache, na ubaki na kilichosalia.

Mashabiki nao wana kazi. Wimbo hauingizi chochote mpaka mtu auchague. Tangazeni namba ya wimbo wenu kwenye bango na jukwaani, na kumbusheni watu kwamba Skiza hupatikana kwa 811.

Anayekuuzia watazamaji

Utaletewa ujumbe, pengine siku ileile uliyopakia wimbo: "Nakupa watazamaji 10,000 kwa siku tatu, lipa kwa M-Pesa." Kinachouzwa hapo si watu. Ni mitambo inayobofya. Namba itapanda, ndiyo, lakini hakuna hata mmoja atakayekuja Jumamosi kwenye shoo yako.

Na hasara haiishii kwenye pesa ulizolipa. Spotify hugundua usikilizaji bandia, haulipi, na tangu 2024 humtoza msambazaji faini kwa kila wimbo uliokithiri. Msambazaji naye hukurudishia mzigo huo au huondoa wimbo wako madukani. YouTube hufuta hesabu za uongo na yaweza kuizuia chaneli isilipwe. Msanii ambaye namba zake zimechafuliwa hata hajui tena ni mji gani unaompenda, na hiyo ndiyo habari yenye thamani kuliko zote mtandao unaweza kukupa. Ukiona kwenye takwimu zako kwamba watu wa Eldoret wanakusikiliza kuliko wa Kisumu, unajua pa kupeleka bendi.

Matangazo halali ya kulipia yapo, na hayafichwi. Facebook, Instagram na YouTube huuza matangazo ambayo wewe mwenyewe huchagua yaonekane wapi na kwa watu wa umri gani. Anza na kiasi kidogo ambacho hutaumia ukikikosa, lenga Kisumu, Siaya na Homa Bay, kisha angalia kama waliotazama walibaki au waliondoka baada ya sekunde tano. Kuwalipa wanaoahidi kukuingiza kwenye orodha maarufu za nyimbo ni jambo la kuepuka, hata wakikuonyesha picha za mafanikio ya wengine.

Usisahau redio. Ramogi, Mayienga, Nam Lolwe na Radio Lake Victoria bado zinasikika mashambani, kwenye matatu na kwenye maduka ambako hakuna anayefungua Spotify. Mtangazaji atahitaji faili safi ya wimbo, toleo fupi, na mistari mitano kuhusu bendi. Peleka vyote kwa pamoja.

Barua ya posta, fomu ya Marekani na KRA

Wengi hushangaa kwamba malipo ya YouTube, kampuni ya kisasa hivyo, husubiri barua ya posta. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua hadi anwani uliyoandika, nawe una miezi minne ya kuiingiza. Ukiandika sanduku la posta la shule uliyomaliza zamani, barua itakaa huko. Tumia sanduku lako au la mtu unayemwamini, na upitie posta. Malipo yenyewe hutolewa mapato yakifika dola 100.

Kuna pia fomu ya kodi ya Marekani. Usiiruke. Kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 hukatwa kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani, ambako jamaa zetu wengi wako. Lakini usipoijaza kabisa, hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya watazamaji wa Kondele, yaweza kukatwa. Dakika kumi za kujaza fomu zinaokoa pesa hizo. Hapa nchini, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi wa Kenya. Weka PIN yako ya KRA tayari na uhifadhi kila taarifa ya malipo.

Kwa wasiopiga muziki

Wapiga video wa harusi na matanga: sheria ya hakimiliki humpa mtumbuizaji haki ya kukubali au kukataa onyesho lake kurekodiwa na kurushwa. Kulipwa na familia ili kunasa shughuli hakukupi ruhusa ya kupakia saa mbili za bendi kwenye chaneli yako na kuchuma matangazo. Ongea na bendi kwanza. Mara nyingi watakubali mkigawana, au wakipata nakala waipakie wenyewe.

Wenye hoteli, baa na magari ya abiria wanaopiga muziki kwa wateja wanahitaji leseni. Mashirika ya kukusanya mirabaha yamegawanyika kulingana na zile haki tulizoeleza: ya watunzi, ya wenye rekodi na ya watumbuizaji. Majina ambayo wasanii wengi wanayajua ni MCSK, KAMP na PRISK. Leseni za mashirika haya hutolewa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kwa muda maalumu, na mivutano juu yake imefika mahakamani mara kadhaa miaka ya karibuni. Kwa hiyo, iwe wewe ni msanii anayetaka kujiunga au mfanyabiashara anayeombwa alipe, thibitisha kwanza na KECOBO ni shirika lipi lina leseni mwaka huu, na udai risiti.

KECOBO ina afisi hapa Kisumu mjini, na usajili wa kazi hufanywa mtandaoni kupitia rejista yake ya kitaifa ya haki. Hakimiliki huanza pale wimbo unaponaswa, si siku ya kusajili. Lakini cheti husaidia sana siku ya ubishi. Nenda na kitambulisho, PIN ya KRA, wimbo wenyewe na ile karatasi ya migao. Ukikuta mtu amepakia wimbo wako bila idhini, YouTube ina fomu ya kulalamika isiyolipiwa. Ijaze kwa ukweli tu, kwa kuwa dai la uongo linaweza kukurudia wewe.

Nakala na warithi

Mwaka 2019 MySpace, mtandao ambao miaka ya 2000 ulikuwa jukwaa kuu la bendi zisizo na lebo duniani, ulikiri kwamba ulipoteza muziki uliopakiwa kwa miaka 12 ulipokuwa ukihamisha mitambo. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 50. Waliokuwa hawana nakala nyumbani hawakurudishiwa chochote. Wimbo wako uliopakiwa haujahifadhiwa, umeonyeshwa tu. Omba studio faili kamili, pamoja na sauti za kila chombo zikiwa mbalimbali, uziweke mahali pawili, kimoja kisiwe nyumba moja na kingine.

Na familia ijue. Chini ya sheria ya Kenya, haki ya utunzi hudumu hadi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. D. O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu Mei 2006, kwa hiyo haki za tungo zake zinafika mwisho wa 2056. Watoto wa msanii anayeanza leo watakuwa wazee wakati haki zake bado zipo hai. Andika kwenye daftari moja orodha ya nyimbo, migao, jina la kila akaunti na namba ya simu iliyounganishwa nayo, na umwambie mwenzi wako au mtoto mkubwa daftari hilo liko wapi.